Bi mkubwa kaambiwa kuna dawa "ya Nobel" inarudisha seli ujana, hili lina ukweli?

Kijana wa Rangi Tatu

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada maana hapa nyumbani pamekuwa na mvutano toka wiki iliyopita na mimi peke yangu nimeshindwa.

Bi mkubwa wangu ana miaka 67, ana presha ya macho, jicho la kushoto limeshapungua sana nguvu, la kulia ndio linamsaidia. Sasa mama mdogo kampeleka kwenye semina ya afya ukumbi fulani hapa mjini, wakapewa soda na makaratasi, halafu jamaa mmoja kavaa koti jeupe akawaambia kuzeeka siku hizi ni ugonjwa na unatibika, kwamba kuna Mjapani kapewa Nobel kwa kugundua namna ya kurudisha seli za mtu mzima zikawa kama za kichanga, na kwamba huko Harvard panya waliokuwa hawaoni wameona tena. Mwisho wa maneno yote hayo ndio likatoka boksi. Unga wa kuweka chini ya ulimi, boksi 380,000, na mgonjwa wa macho eti anatakiwa maboksi matatu ndio aanze kuona tofauti.

Nikasema huu ni usanii, ngoja niingie mtandaoni nimtolee ushahidi. Sasa nasoma nakuta Mjapani yupo, Nobel ipo, panya wa Harvard wapo. Bi mkubwa ananiangalia tu, "si nilikwambia, wewe ubishi mwingi". Anataka akavunje kikoba chake anunue. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba wameambiwa wakianza mzigo waache yale matone ya hospitali "yasigongane".

Kwa hiyo mwenye uelewa anisaidie, hii ya kurudisha seli nyuma ikoje hasa, imefikia wapi, na inawezekana vipi ikawa kwenye unga?

Winga Kariakoo

Ngoja wajuvi waje, naweka kambi hapa. Ila 380,000 mara tatu? Mi kwa hiyo hela bora nizeeke tu.

Mpimaji

Mkuu Rangi Tatu, mimi sio daktari, niko maabara, ila hili eneo nalifuatilia kitambo. Huyo wa koti jeupe ni mjanja sana, kachukua sayansi ya kweli kabisa akaibandika kwenye boksi lisilohusiana nayo. Ndio maana kila utakachosachi unakikuta kipo, isipokuwa hilo boksi.

Nitajitahidi nieleze taratibu, samahani kwa urefu.

Karibu seli zako zote zimebeba DNA ileile. Ya ngozi, ya ini, ya jicho, maandishi ni yaleyale, binadamu ana jeni kama elfu ishirini hivi za kutengeneza protini na karibu kila seli inazo zote. Kinachofanya seli ya jicho iwe ya jicho ni kwamba jeni za kazi ya jicho ziko wazi na nyingine zimefungwa. Chukulia nyumba ya kupanga pale Manzese, korido katikati vyumba huku na huku, nyumba ni ileile ila nani anaingia chumba gani inategemea makufuli yako wapi. Hayo makufuli kwenye seli ni vitu vya kikemia vinavyobandikwa juu ya DNA, maarufu zaidi ni kundi la methili, na habari nzima ya makufuli ndio inaitwa epijenetiki. Sasa mtu akizeeka nyumba haijabomoka sana, ila makufuli yamehamahama, chumba kilichotakiwa kufungwa kiko wazi, kilichotakiwa kuwa wazi kimefungwa, seli inaanza kufanya kazi kihovyohovyo. Hii inafuata mpangilio kiasi kwamba mwaka 2013 Steve Horvath wa UCLA, California, alichukua sehemu 353 tu kwenye DNA, akaangalia zina methili kiasi gani, na akawa anaweza kukisia umri wa mtu kwa kukosea kama miaka mitatu na nusu hivi. Kipande cha ngozi au damu tu, hajakuona sura.

Sasa swali likaja, haya makufuli yanaweza kurudishwa yalivyokuwa? Jibu lilikuwepo zamani sana ila watu hawakulitilia maanani. Mwaka 1962 Mwingereza John Gurdon alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakiweka ndani ya yai la chura ambalo kiini chake kilishaharibiwa, na likakua likawa chura. Maana yake seli ya utumbo haikuwa imepoteza kitu, yai lilijua namna ya kuifungulia vyumba vyote upya. (Huyu Gurdon shuleni alishika mkia kwenye baiolojia, wa mwisho kati ya wanafunzi 250, na mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kuwa ndoto yake ya kuwa mwanasayansi ni kichekesho. Walimu bwana.) Baadaye 1996 wakaja Waskoti na yule kondoo Dolly, aliyetokana na seli ya kiwele cha kondoo mtu mzima.

Ndio anaingia Mjapani wenu. Shinya Yamanaka wa Chuo Kikuu cha Kyoto na mwenzake Kazutoshi Takahashi wakajiuliza ni nini hasa ndani ya yai kinafanya hiyo kazi. Wakaanza na jeni 24 wanazozihisi, wakawa wanapunguza mojamoja hadi zikabaki nne: Oct4, Sox2, Klf4 na c-Myc. Ukiziingiza hizo nne kwenye seli ya ngozi ya panya, ikakaa nazo muda, inarudi mpaka kuwa seli shina kama ya kiinitete, inaweza kutengeneza seli za kiungo chochote. Hiyo ni 2006, mwaka uliofuata wakafanya kwa seli za binadamu. Nobel ikatoka 2012, Yamanaka na Gurdon wakagawana. Kwa hiyo hapo jamaa hajadanganya.

Alichonyamazia ndio kikubwa. Seli ikirudi mpaka mwanzo inasahau kazi yake. Kwenye kisahani cha maabara hilo ni jambo jema, hapo ndipo unapata seli shina. Ndani ya mtu aliye hai ni balaa. Hebu fikiria seli za moyo zinasahau kupiga, za ini zinasahau kuchuja. Mwaka 2013 watafiti wa Hispania waliziwasha zile nne mfululizo ndani ya panya wazima na panya wakaota uvimbe unaitwa teratoma kwenye viungo kibao, huo uvimbe unakuwa na tishu za kila aina zimechanganyikana humohumo. Na c-Myc yenyewe ni jeni inayojulikana kwenye saratani.

Nina zamu, nitarudi kwenye panya wa Harvard.

Kijana wa Rangi Tatu

Daah mkuu umenifungua macho. Kumbe makufuli yote yakitolewa wapangaji hawajui nani analala wapi.

Mpimaji

Ndio hivyohivyo mkuu.

Mrembo wa Sinza

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mmoja wa wanaosambaza bidhaa za aina hii (sio lazima kampuni aliyokutana nayo mama) na nasikitika watu kukimbilia kuponda kitu ambacho hawajakitumia. Tuna shuhuda nyingi za watu waliokuwa na sukari, presha, macho, uzazi, na sasa wako vizuri. Bidhaa yetu ni ya asili haina kemikali na inaenda kuamsha seli zako mwenyewe zijirekebishe. Wazungu wameanza kukubali mambo ambayo mababu zetu walikuwa wanayajua. Mwenye kuhitaji aje inbox nimuelekeze.

Chura wa Jangwani

Sukari, presha, macho, uzazi, dawa moja. Na ya kufaulu Necta je, hamna?

Mhasibu wa Tabata

Dada Mrembo, bila ugomvi, swali moja tu. Matajiri wakubwa wa dunia wanamwaga hela kwenye hiki kitu. Kampuni ya Altos Labs ilizinduliwa Januari 2022 na mtaji wa dola bilioni 3, Belmonte, mtafiti wa hizi jeni kwenye panya, na yule Horvath wa makufuli wote wamehamia huko, Yamanaka mwenyewe ni mshauri wao. Sam Altman wa ChatGPT kaweka dola milioni 180 kwenye kampuni nyingine, Retro Biosciences. Hawa watu wote bado hawana bidhaa hata moja dukani. Sasa hao wenye mabilioni wanahangaika na panya, halafu ninyi mnayo tayari, kwenye unga, na mnaiuza kwa kumwambia mnunuzi alete watu wengine wawili? Mimi hesabu tu ndio inanishinda, baiolojia siijui.

Mrembo wa Sinza

Kila mtu ana imani yake kaka. Mungu akubariki.

Mpimaji

Nimerudi. Nimuongezee tu dada hapo kwamba hizo Oct4 na wenzake ni protini zinazofanya kazi ndani kabisa ya kiini cha seli. Hata kama kweli ungezisaga ukaziweka kwenye unga, chini ya ulimi hazipiti, na ukizimeza tumbo linazivunja linavyovunja maharage. Kwenye utafiti hawampi panya protini, wanaingiza jeni zenyewe, ama panya anazaliwa nazo zimeshapandikizwa ama zinabebwa na virusi vilivyofanyiwa marekebisho na kuchomwa kwa sindano mahali husika.

Sasa panya. Baada ya kuona ukiwasha mfululizo ni maafa, Juan Carlos Izpisua Belmonte na timu yake pale taasisi ya Salk, California, wakajaribu kuwasha kidogo na kuzima. Siku mbili zinawashwa, siku tano zinazimwa, wiki baada ya wiki. Walitumia panya wenye projeria, ule ugonjwa wa kuzeeka haraka ambao hata watoto wa binadamu wanaupata kwa nadra sana. Matokeo waliyotoa 2016 yalikuwa panya wale wameishi kama asilimia 30 zaidi na hawakuota uvimbe. Hapo ndipo dunia ikaanza kushtuka, kwamba kumbe unaweza kuirudisha seli nyuma kiasi, ikapata ujana, kabla haijafika pale pa kusahau yenyewe ni nani.

Kuna kazi nyingine nzuri sana ya 2022, Taasisi ya Babraham, Cambridge. Walichukua seli za ngozi za watu wa makamo, wakaziweka na zile jeni nne kwa siku 13 wakakatisha, wakati kufika mpaka seli shina kamili inachukua kama siku 50. Seli zilipotea njia kidogo, zikarudi zikawa tena za ngozi, na ukizipima kwa ile saa ya makufuli zilionekana zimepungua umri kama miaka 30. Zikawa zinatoa kolajeni vizuri na kuziba jeraha kwa kasi zaidi. Ila hapo ni kwenye kisahani, hakuna mtu aliyerudi ujana.

Harvard ni maabara ya David Sinclair, kazi ilitoka Desemba 2020 kwenye jarida la Nature. Wakaiacha c-Myc pembeni kwa sababu ya saratani, wakabaki na tatu, wakazipakia kwenye virusi na kuchoma ndani ya jicho la panya. Walikuwa na panya waliobanwa neva ya jicho, panya waliopandishiwa presha ya jicho makusudi, na panya waliozeeka tu. Neva iliyobanwa ikaanza kuota upya nyuzi zake, na wale wa presha ya macho wakarudisha karibu nusu ya uoni uliopotea. Nusu, kwa panya, kwa presha waliyotengenezewa maabara kwa muda mfupi. Mama yako presha yake imekaa miaka. Ni tofauti kubwa hiyo na ndio jamaa kairuka kwa makusudi.

Chura wa Jangwani

Mkuu Mpimaji swali la kizushi, hizo jeni zinawashwa siku mbili zinazimwa siku tano, zinawashwaje? Kuna rimoti?

Mpimaji

Swali zuri sana wala sio la kizushi. Rimoti yenyewe ni doksi. Ile doksisaiklini unayopewa dukani kwa vidonda na magonjwa ya zinaa. Wanaichanganya kwenye maji ya kunywa ya panya. Zile jeni zimeunganishwa na swichi iliyoazimwa kwa bakteria, ikikutana na doksi inafunguka, maji yakibadilishwa inajifunga.

Chura wa Jangwani

Aisee! Sasa mbona mtaani kwetu watu wamekunywa doksi mpaka basi na bado wanazeeka.

Mpimaji

Ndio nilikuwa naogopa mtu aseme hilo. Wakuu, doksi haina kazi hiyo kwa binadamu, hatuna hiyo swichi wala hizo jeni za ziada hazijawekwa kwetu. Ukinywa hovyo utazidi kutengeneza usugu wa bakteria tu. Asitoke mtu hapa akaenda famasi.

Mzee wa Mapipa

Assalaam alaykum vijana. Nimesoma mjadala wenu wote, mimi ni mstaafu, miaka 74 sasa. Nina neno kidogo.

Kila nafsi itaonja mauti, hilo halina mjadala kwangu, na mtu akiniambia ameipata dawa ya kuzuia uzee namtazama kisha naendelea na safari yangu. Lakini nimejiuliza, huyu mama wa kijana anataka nini? Sidhani kama anataka kuwa binti tena. Anataka asome msahafu wake bila kuomba mjukuu amsomee, atunge uzi kwenye sindano, atambue nani anabisha hodi. Mkimwambia tu "umetapeliwa" mnamvunjia heshima na hamjagusa haja yake. Watu wa semina wameigusa, ndiyo maana wameuza. Kijana wangu, zungumza naye kwa upole kuhusu macho, achana na ubishi wa Mjapani.

Kijana wa Rangi Tatu

Shikamoo mzee wangu. Umenena, nimekusikia.

Mpimaji

Shikamoo mzee. Na niongezee kwamba hata hao watafiti, ukiacha wachache wa kupiga kelele kwenye vyombo vya habari, wanasema hivyohivyo. Hawaongelei kuishi milele, wanaongelea kiungo kimoja kifanye kazi. Na hawajaangukia kwenye jicho kwa bahati. Jicho limefungiwa peke yake, dozi ndogo inatosha, kinga ya mwili humo ndani ni ya upole kidogo, na kikiharibika kitu daktari anakiona kwa kuchungulia tu. Kampuni ya Life Biosciences, ambayo Sinclair ni mmoja wa waanzilishi wake, imeelekeza nguvu kwenye neva ya jicho na mwaka 2023 walitangaza matokeo kwa nyani waliopata tatizo la damu kutofika vizuri kwenye neva hiyo. Kwa hiyo ikija kwa binadamu, macho yatakuwa mstari wa mbele. Hilo ni la kweli na lina matumaini, nisije nikaonekana naponda kila kitu.

Ila mambo bado. Kuna kazi ya 2023 inaonyesha ukiwasha zile nne kwa panya mzima bila kuchagua kiungo, ini na utumbo vinafeli na wanakufa mapema, hata kabla ya uvimbe. Upande wa pili kuna waliochoma zile tatu kwa panya vikongwe wa wiki 124, na muda wa maisha uliokuwa umebaki ukaongezeka zaidi ya mara mbili. Ukisikia hivyo unaruka, lakini panya wa umri huo kilichobaki ni kifupi sana, kukizidisha mara mbili ni wiki chache tu. Mtu wa semina atakwambia "wameongeza maisha zaidi ya asilimia 100" akaishia hapo.

Mhasibu wa Tabata

Na ikija, bei? Maana mimi nimekumbuka ile dawa ya kubadili jeni za selimundu, Casgevy, imeruhusiwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, Marekani bei yake dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Na selimundu ni ugonjwa wetu sisi, watoto wanaozaliwa nao hapa Tanzania ni maelfu kila mwaka. Mpaka leo mtoto wa Temeke anategemea haidroksiyurea na damu ya kuongezewa. Kwa hiyo hata sindano ya macho ikifaulu kesho kwa Wamarekani sioni ikija kwetu mapema.

Winga Kariakoo

Itakuja tu mkuu, feki yake imeshafika.

Mama Zahra

Samahani nimechelewa kuona huu uzi. Mimi ni nesi, niko kliniki ya macho, na mdogo wangu Rangi Tatu nimesoma sentensi moja ya kwako nikashtuka kuliko yote mengine, ile ya kuambiwa aache matone. Vipi, ameshaacha?

Presha ya macho haiumi. Hilo ndilo tatizo lake. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka, yasipotoka vizuri presha inapanda na inaikaba neva ya nyuma polepole, mtu anaanza kupoteza pembeni bila kujua kwa sababu katikati bado anaona. Anajigonga kwenye mlango, anamwaga chai, anasema uzee. Matone kama timololi au latanoprosti kazi yake ni kushusha presha ili neva iliyobaki isife. Hayarudishi kilichokufa, na wagonjwa wengi wanaacha kwa sababu hiyohiyo, wanasema naweka kila siku na sioni mabadiliko. Mabadiliko ndio hayo ya kutobadilika! Ukiacha, presha inapanda, husikii chochote, na ukija kushtuka jicho la kulia nalo limeondoka. Hakuna unga wala sindano ya Mmarekani itakayolirudisha kwa sasa.

Jingine ambalo hakuna aliyelisema hapa. Ugonjwa huu unatembea kwenye familia, na sisi Waafrika unatupata zaidi na mapema zaidi. Wewe na ndugu zako wa tumbo moja mmepima? Na mama mdogo aliyempeleka semina, naye ni dada yake, amepima?

Kijana wa Rangi Tatu

Dada Mama Zahra, nimeuliza sasa hivi. Hajaacha kabisa ila amekuwa akiruka, usiku anaweka asubuhi haweki, anasema chupa zinaisha haraka. Kupima mimi sijawahi, wala mama mdogo hajawahi, na yeye boksi lake alishalinunua, ameenda kuomba arudishiwe hela wamemwambia fomu haina kurudisha.

Mama Zahra

Hapo kwenye kuisha haraka, muangalie anavyoweka. Wazee wengi wanadondosha matatu manne, moja linaingia jichoni mengine shavuni. Tone moja linatosha, jicho halibebi zaidi ya hapo. Avute kope ya chini, adondoshe moja, afumbe taratibu asipepese, abonyeze hapa kwenye kona ya jicho karibu na pua kama dakika moja mbili ili dawa isishuke kooni. Mkono ukitetemeka mjukuu amwekee. Kama ni aina mbili za dawa, asubiri dakika tano katikati.

Mpimaji

Na kwa mama mdogo, hilo boksi asilitupe. Angalia kama limeandikwa linatibu ugonjwa, kama limeandikwa uliza namba ya usajili TMDA (mamlaka ya dawa), na mkiona haipo piga picha karatasi za semina mpeleke taarifa. Ndugu yetu Mrembo yeye kasema bidhaa yake ni nyingine kwa hiyo hatumgusi.

Chura wa Jangwani

Mrembo kaaga toka saa ile mkuu.

Kijana wa Rangi Tatu

Nimekaa na bi mkubwa jioni hii kama mzee wa Mapipa alivyonishauri, sikumtaja Mjapani kabisa. Nimemuelezea hiyo ya tone moja akacheka, kasema miaka yote anajimwagia nusu chupa. Kikoba amesema anakiacha kwanza. Ila bado hajakubali moja kwa moja, ameniuliza "sasa hao wa Harvard wakimaliza kwa panya, jina langu linaweza kuandikwa?" Nikakosa jibu.

Mpimaji

Mwambie ukweli mkuu, kuandikwa sio leo na sio hapa. Majaribio ya mwanzo huwa yanachukua watu wachache sana, kwenye vituo vyao, na kinachoangaliwa kwanza ni kama inadhuru, sio kama inatibu. Lakini kitu kimoja ni cha uhakika, kwenye panya walichofufua ni seli za neva zilizochoka ambazo bado zipo. Zilizokufa zikaisha hazina cha kufunguliwa kufuli. Kwa hiyo hata kama hiyo sindano itakuja yeye akiwa na miaka 80, itahitaji ikute neva imebaki.

Mama Zahra

Sawa kabisa. Mlete wiki hii mdogo wangu, mje asubuhi mapema foleni inakuwa ndefu, na aje na chupa zote za dawa anazotumia hata za presha ya kawaida, na kile kikaratasi cha unga pia. Wewe na mama mdogo mtapimwa hapohapo. Msije na bodaboda mnaendesha wenyewe kwa sababu mkiwekewa dawa ya kupanua mboni mtaona ukungu saa kadhaa, na mchukue kofia au miwani ya jua.

Kijana wa Rangi Tatu

Alhamisi tunakuja dada. Mama mdogo kasema anakuja pia ila anauliza kama bima inakubali.

Mama Zahra

Aje nayo tutaiangalia dirishani.